Mwaka 1964 jeshi lilivunjwa, polisi ikabaki: je, neno "jeshi" litoke?

Mleta mada:

Ndugu zangu, naomba tulijadili hili bila kuvaa sare za vyama. Julai 2023 Tume ya Haki Jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilikabidhi ripoti yake kwa Rais, na moja ya mapendekezo yaliyozungumzwa sana ni polisi kufumuliwa na kusukwa upya. Tangu hapo kuna wanaotaka tuache kuiita Jeshi la Polisi, na kuna wanaoona huko ni kuidhoofisha nchi. Mimi niko upande wa kuliondoa neno jeshi. Ila likiondoka peke yake tutakuwa tumepaka kibao rangi, na ndiyo maana nataka turudi nyuma kidogo.

Polisi ya Tanganyika ilianzishwa kwa tangazo la gazeti la serikali la Agosti 25, 1919, makao makuu yakiwa Lushoto. Waingereza walikuwa wameitwaa nchi kwa vita, na kabla yao Wajerumani walikuwa na askari polisi wao waliofanya kazi chini ya mkuu wa boma. Babu zetu walimjua askari kama mtu wa kodi na wa kazi za shuruti. Kijijini akionekana anakuja, watu waliingia porini. Hata magereza yalikuwa ndani ya polisi mpaka mwaka 1931 yalipotenganishwa, maana yake aliyekukamata na aliyekufungia mlango walikuwa na bosi mmoja.

Sasa tuje 1964, mwaka ambao naona hatuusomi vizuri. Januari 20 askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, waliasi kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Siku chache kabla, sehemu ya polisi wetu walikuwa wamepelekwa Zanzibar kusaidia kutuliza hali baada ya Mapinduzi, kwa hiyo Dar es Salaam ilikuwa wazi. Mwalimu alilazimika kuwaomba Waingereza waje kuuzima uasi, jambo lililomuuma sana. Alichofanya baada ya hapo ndicho ninachotaka tukitazame: hakubadilisha kamanda akaishia hapo. Jeshi lile lilivunjwa, na Septemba 1 ikazaliwa JWTZ, Jeshi la Wananchi wa Tanzania, yenye vijana wapya na fikra mpya kwamba mwanajeshi ni mtu wa wananchi.

Polisi haikupata bahati hiyo. Elangwa Shaidi akawa Mwafrika wa kwanza kuwa Inspekta Jenerali, heshima kubwa kwa nchi changa, lakini chini yake nyumba ilikuwa ileile ya mkoloni. Vyeo vilevile, gwaride lilelile, na sheria ambayo mpaka leo ni Sura ya 322, yenye mizizi katika sheria za kikoloni. Na yule mkuu wa boma? Tazameni Sheria ya Tawala za Mikoa ya mwaka 1997: mkuu wa mkoa au wa wilaya anaweza kuagiza polisi wamkamate mtu na kumweka ndani hadi saa 48. Mkuu wa wilaya huyohuyo ndiye mwenyekiti wa kamati ya ulinzi na usalama anayokaa OCD, mkuu wa polisi wa wilaya. Boma lipo, limepata kiyoyozi tu.

Kuna watakaosema wizara inatosha kuisimamia polisi. Nawakumbusha mwaka 1977. Kule Mwanza na Shinyanga kulikuwa na mauaji mengi, na katika msako wa wauaji watu wakakamatwa, wakateswa, na baadhi wakafia mikononi mwa vyombo vya dola. Mzee Ali Hassan Mwinyi, Mungu amrehemu, alikuwa Waziri wa Mambo ya Ndani. Hakumpiga mtu yeyote, wala hakuagiza apigwe. Akajiuzulu. Mimi kila nikilisoma tukio lile naona utu uzima wa hali ya juu, na sioni haya kusema namheshimu kwa hilo kuliko kwa mengi aliyofanya akiwa Rais.

Lakini jiulizeni kilichobaki baada yake. Waziri aliondoka na heshima yake, wizara ikapata waziri mwingine, na hakuna chombo kilichoundwa kuhakikisha mtu akifia mahabusu kesi yake haichunguzwi na wenzake na aliyemuua. Miaka michache baadaye, hukohuko Usukumani na Unyamwezini, wananchi wakaanzisha sungusungu, vikundi vyao vya ulinzi. Tunaisifia sungusungu kama ubunifu wa kienyeji, na kweli ilikomesha wizi wa ng'ombe, lakini ilikuwa pia kilio cha watu waliokata tamaa na kituo cha polisi.

Tangu hapo kila waziri amekuja na mtindo wake. Mrema alitoa makataa ya siku saba na nchi ikatetemeka. Wengine wakaja na kamatakamata zao. Waziri akiondoka, mtindo unaondoka naye.

Niseme na langu. Mwaka fulani jirani yangu aligongwa na bodaboda usiku. Hospitali wakataka PF3, ile fomu ya polisi ya kumruhusu majeruhi atibiwe. Nikamwacha kwenye bajaji, mguu umefungwa kanga iliyoloa damu, nikaingia kituoni. Askari wa kaunta alikuwa kijana mpole tu, si mkorofi hata kidogo. Akanieleza kwamba fomu zimekwisha, nikatoe kopi. Saa tano usiku! Nilipopata stationery iliyokuwa bado wazi na kurudi, akaniuliza kama nitachangia mafuta ya gari wakapime ajali. Nyuma yake ukutani kulikuwa na nembo ya polisi imechorwa kubwa: Usalama wa Raia. Sijawahi kumchukia yule kijana. Ninachokichukia ni mfumo ambao kopi ya karatasi moja inamsubirisha mtu anayevuja damu, halafu mahali pa kwenda kulalamikia jambo hilo ni kaunta ileile.

Hoja yangu ni hii: kiwepo chombo huru, nje ya polisi na nje ya wizara, chenye wapelelezi wake, kinachoingia kila risasi ya polisi inapomwua raia na kila mtu anapofia mahabusu. Jina lifuate baada ya hapo. Karibuni.

Mchangiaji:

Mkuu, umeandika vizuri na historia umeitendea haki. Lakini mimi nimezaliwa kota za polisi, nyumba ya mabati chumba kimoja na sebule, tumelala watoto watano nyuma ya pazia. Baba alitoka depo Moshi, chuo cha polisi, akiwa na miaka ishirini na kitu, akastaafu na usajenti. Kwa hiyo nivumilie.

Kilichomzuia baba yangu kuuza bunduki usiku wa lindo, mshahara ukiwa umekwisha tarehe kumi, ni ule ujeshi mnaotaka kuutoa. Nidhamu. Amri ikitoka inafuatwa, hakuna mgomo, hakuna "leo sijisikii". Uhamisho wa kutoka Songea kwenda Bariadi ulitukuta katikati ya muhula na baba alifunga godoro bila neno. Ukimgeuza askari kuwa mtoa huduma kama karani, siku akigoma nani atalinda benki?

Pili, majirani zetu Kenya walilitoa neno hilo kwenye Katiba yao ya 2010. Ikawa Huduma ya Taifa ya Polisi, wakaunda na mamlaka huru ya kuisimamia. Juni 2024 vijana hawakupigwa risasi mitaani Nairobi? Jina liliwasaidia nini? Na polisi wenyewe wanauawa, kaka. Mwaka 2015 kituo cha Stakishari pale Ukonga kilivamiwa, askari wakauawa, silaha zikachukuliwa. Mjadala kama huu huwa sikumbuki kuona mtu akianza na wao.

Wapeni nyumba, wapeni mafuta ya gari, wapeni karatasi. Yule kijana wa kaunta angekupa PF3 bila neno.

Mleta mada:

Ndugu yangu, nimekusoma mara mbili, na la kota nakubali lote. Sikuliweka kwenye mada yangu na nilipaswa. Anayelala nyuma ya pazia na watoto watano hawezi kuamka akiwa na subira ya kumsikiliza mlalamikaji wa kumi na tano. Na wale wa Stakishari walikufa wakiwa kazini kwetu sote.

Lakini kwenye nidhamu tunaachana. Daktari wa zamu na mtu wa zimamoto nao wana nidhamu, nao wanaamka usiku, na raia hawakimbii wakiwaona. Isitoshe, nidhamu ya amri ina upande wa pili: amri ikiwa mbovu, askari mwema naye anaitekeleza. Baba yako angeambiwa amweke ndani mtu saa 48 kwa sababu amemkera mkuu wa wilaya, angekuwa na nafasi gani ya kukataa? Chombo huru kingemlinda hata yeye, maana angekuwa na mahali pa kusema "niliagizwa na fulani".

Kuhusu Kenya, umesema kweli, watu waliuawa. Tofauti ninayoiona ni kwamba kule yupo mwenye wajibu wa kisheria wa kuchunguza kila kifo, na asipofanya anaulizwa yeye kwa jina la ofisi yake. Hapa kwetu familia inaanza kwa kumwuliza RPC, kamanda wa polisi wa mkoa.

Kuhusu jina, nikiri kuna ugumu. Ibara ya 147 ya Katiba yetu inaitaja polisi pamoja na Jeshi la Ulinzi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), inapokataza askari kujiunga na vyama vya siasa. Kulitoa neno jeshi hapo kunahitaji theluthi mbili ya wabunge, na Polisi ni jambo la Muungano. Hiyo ni safari ndefu. Chombo cha kuchunguza vifo naona kinaweza kuundwa kwa sheria ya kawaida ya Bunge, hata katika kikao kimoja. Wanasheria mlio humu, kuna kinachozuia?