Wamama wa Dodoma na jirani, mimba ilikupitishaje? Tupeane uzoefu

Mgeni Nzuguni
Salaam wapendwa. Nilihamia Dodoma na mume wangu ofisi yao ilipoletwa Makao Makuu, ndugu zangu wote wako Tanga, na sasa nina mimba changa, ya kwanza. Ya vitabuni nimeyasoma. Nataka ya kwenu: miezi mitatu ya mwanzo mliivukaje, katikati kukoje, na mwishoni kuna nini ambacho watu hawasemi? Wa "hongera" tu karibuni, ila mje na stori.

Mama Pili, Ipagala
Hongera, na stori hii hapa usije ukanuna. Mie kichefuchefu kilinianza hata kabla sijapima. Wanakiita cha asubuhi, changu kilikuwa cha kutwa, na jirani akikaanga vitunguu tu nimekwisha. Kilichokuwa kinakaa tumboni ni ugali wa uwele na mlenda, tena uliopoa. Wagogo wenzangu wananielewa: unateleza wenyewe, hauna harufu, hauna kazi ya kutafuna. Kuelekea mwezi wa nne kikakatika ghafla, nikawa naota nyama choma. Lakini ikifika mahali hata maji yanarudi na mkojo umekuwa rangi ya chai ya rangi, hiyo siyo kudeka, nenda ukatundikiwe dripu. Dada yangu alilazwa huku mawifi wanasema anajiendekeza.

Nesi Mstaafu
Mwanangu, kliniki umeshaanza? Anza kabla ya wiki ya 12, usingoje tumbo lionekane. Siku ya kwanza watakupima presha, wingi wa damu, mkojo, kaswende na VVU, ndiyo maana wanataka uje na mwenzako. Kuanzia mwezi wa nne utapewa vidonge vya SP vya kukinga malaria, unavimeza palepale nesi anakuangalia. Tarehe ya kujifungua jihesabie mwenyewe: chukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, ongeza siku 7, rudi nyuma miezi mitatu. Hedhi ilianza Januari 10? Tegemea Oktoba 17. Ukijifungua wiki mbili baada ya hapo au tatu kabla, bado ni sawa.

Zabibu Tamu
Hakuna aliyegusia udongo! Wifi yangu alikuwa na pemba, ule udongo wa kula, kwenye pochi, kwenye droo ya kazini, chini ya mto. Kile kipande cha kijivu anakipuliza vumbi, anakimega kwa meno ya pembeni, macho anafumba kabisa. Kliniki wakampima damu, 9. Inatakiwa isishuke chini ya 11. Nesi akamwambia udongo unazuia madini ya chuma yasiingie mwilini, na unaweza kumpa minyoo. Akapewa vidonge vya damu, ameze kwa juisi ya chungwa, chai akae nayo mbali kwanza. Wala usishtuke choo kikiwa cheusi, ni hivyo vidonge. Pemba akabadilisha na ubuyu. Ubuyu Dodoma hauishi, na kinywa kinapata kitu cha kufanya.

Baba K, Kisasa
Nachomekea ya wanaume. Miezi ya mwanzo mke wangu alichukia harufu yangu, nikahamishiwa sebuleni na sabuni yangu. Mwezi wa tano nikarudishwa. Hapo katikati ndipo pazuri: anakula, anacheka, anataka kutembea jioni. Mtoto alianza kucheza, yeye akadhani gesi, maana mwanzoni ni kama kitu kinapapasa tu ndani. Kwa mimba ya kwanza mara nyingi ni wiki ya 18 hadi 20 na kitu. Mimi nilikaa na mkono tumboni mpaka ukafa ganzi, mtoto kimya. Nikiutoa tu, anaruka.

Mama wa Bahi
Mie nisemee mwisho. Miezi ya mwisho iliniangukia Novemba, jua kali na mvua bado. Miguu ilivimba mpaka nikavaa ndala za mume wangu. Kiungulia, kukojoa kila saa, kulala kwa ubavu tu. Tumbo linakaza, nikitembea kidogo linaachia. Uchungu wenyewe haukomi hata ukitembea, unazidi kusogeleana. Miguu kuvimba jioni ni kawaida, ila mimi siku moja uso ukavimba, kichwa hakiachi, nikaanza kuona vimulimuli. Presha ilikuwa juu. Tulipiga 115, ile namba ya m-mama ya usafiri wa dharura kwa wajawazito, haina malipo, gari likaja kunichukua usiku nikapelekwa mjini. Kifafa cha mimba kilikuwa mlangoni. Mtoto sasa anakimbiza kuku.

Mgeni Nzuguni
Nimecheka kwa Baba K, nimeogopa kwa Mama wa Bahi. Asanteni. Bibi nesi, kliniki naenda Jumatatu. Na begi linaandaliwa lini?

Nesi Mstaafu
Mwezi wa saba liwe tayari. Khanga zaidi ya mbili, maana moja haitoshi hata saa moja, nguo za mtoto na kofia, pedi, beseni, na kadi ya kliniki juu kabisa. Ulizia kituo chako vifaa vingine wanavyotaka mje navyo, wanatofautiana. Damu ikitoka, maji yakimwagika au mtoto akipunguza kucheza, usisubiri tarehe ya kliniki. Jumatatu nenda asubuhi mapema, na baba yake mtoto aende.