Nyaraka za siri za ofisini kwenu huishia wapi? Tupeane uzoefu, watu wa Mtwara na Lindi

Karani wa Shangani
Ndugu zangu wa kusini, habari za jioni. Leo nimepita nyuma ya ofisi moja nikasikia harufu ya karatasi zinazoungua, na moyo wangu ukarudi kwenye Juni moja ambayo sijaisahau. Tulikuwa tunafunga mwaka wa fedha, makabati yamefurika, na mkuu wetu akaagiza majalada ya zamani ya watumishi yachomwe kabla ya tarehe 30. Tuliyatia ndani ya pipa yakiwa yamefungwa kamba vilevile, tukayamwagia mafuta ya taa, tukawasha, nami nikaachwa kusimamia.

Upepo wa kusi wa mwezi wa sita mnaujua. Jalada nene haliungui katikati, kwa sababu hewa haipenyi kwenye karatasi zilizobanana. Huungua kingo tu, kamba ikakatika, na karatasi za ndani zikafunuka zikiwa nzima. Upepo ulizinyanyua zikavuka ukuta. Nilikimbia mtaa mzima nikiokota, na moja niliikuta mikononi mwa watoto waliokuwa wakicheza: barua ya onyo ya mtumishi mwenzetu, ambaye mkewe alikuwa akiuza vitumbua nyumba ya tatu kutoka pale. Wiki ile yule bwana aliacha kunywa chai pamoja nasi, na mpaka nilipohama kituo hatukuwahi kulizungumza. Naomba wenzangu mnieleze ninyi mmepitia yapi.

Mwana Mikindani
Hili la kusi ni kweli tupu. Sisi tuliokota karatasi zetu juu ya paa la jirani.

Masjala, Lindi
Ndugu Karani, pole sana, lakini kosa lenu lilianza kabla ya kiberiti. Kama ofisi yenu ilikuwa ya umma, Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa ya mwaka 2002 haimpi mkuu wa ofisi uwezo wa kuteketeza majalada kwa agizo la mdomo kwa sababu tu makabati yamejaa. Kibali hutoka Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na kabla ya hapo huorodheshwa kila jalada, umri wake na sababu ya kutohitajika tena. Jalada la mtumishi ndilo linalomtetea anapodai mafao yake. Ukilichoma, umechoma utumishi wake.

Mhasibu wa Newala
Mzee wa Masjala anasema vyema kwa ofisi za serikali, ila wengine tuko kwenye kampuni ndogo. Kwetu nyaraka za kodi hukaa miaka 5, kama Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inavyotaka, na baada ya hapo sichomi hata moja. Huondoa pini na vibanio, nikazilowesha kwenye ndoo usiku kucha, kisha asubuhi zikatwangwa kinuni mpaka ziwe uji. Uji haupeperuki.

Masjala, Lindi
Na karatasi za kaboni za vitabu vya stakabadhi unazifanyaje, dada yangu? Kaboni iliyotumika ukiielekeza kwenye mwanga unasoma kila kilichoandikwa, na maji hayailainishi kama karatasi.

Mhasibu wa Newala
Hizo ni chache, nazikata kwa mkasi na kuzichoma jikoni moja moja huku nimesimama hapo hapo. Sijasema kwamba moto ni haramu.

Binti wa Masasi
Nilikuwa nasoma tu bila nia ya kuandika, lakini nimeshindwa.

Baba yangu ni mkulima wa korosho. Msimu mmoja fedha zake zilipoingia benki, alipigiwa simu na mtu aliyemtaja kwa majina yake matatu, akamtajia kilo alizopeleka ghalani na kiasi alicholipwa mpaka shilingi ya mwisho, akamwambia kuna makosa yanayopaswa kurekebishwa. Mzee aliamini, kwa sababu nani mwingine angeyajua hayo? Zilikwenda karibu nusu. Nyumbani ni kaka yangu mkubwa peke yake aliyeongozana naye benki, na baba akahitimisha kwamba siri ilitoka kwa kaka. Msimu mzima hawakusalimiana. Kaka alihamia kwa mkwewe, na mama akawa anawapelekea wajukuu chakula kwa kificho.

Miezi mingi baadaye nilinunua mihogo ya kukaanga stendi, na karatasi niliyofungiwa ilikuwa na mistari ya majina, kilo, namba za akaunti na fedha. Jina la baba halikuwemo, lakini la jirani yetu lilikuwemo. Niliomba kuona furushi lote, na kwenye karatasi ya nne au ya tano nikamkuta baba. Nilinunua furushi zima kwa shilingi elfu mbili. Yule mama hakuwa na hatia yoyote: alipewa bure na mhudumu wa usafi, ambaye naye aliambiwa tu atoe takataka.

Kijana wa Nachingwea
Pole, dada. Hata hivyo, karatasi kufungiwa mihogo si ushahidi kwamba tapeli alizipata humo. Huenda aliambiwa na mtu wa ndani.

Binti wa Masasi
Sikusema nina ushahidi wa kupeleka mahakamani. Nasema kaka yangu hakuwa mtu pekee aliyejua, na nilimwekea baba karatasi ile mezani ili alione hilo kwa macho yake.

Mwana Mikindani
Baba alisemaje?

Binti wa Masasi
Alivaa kanzu akaenda kwa mkwewe kaka siku ileile, jua likiwa kali. Hakunieleza walizungumza nini.

Karani wa Shangani
Dada, umenitoa machozi. Furushi ulilifanya nini?

Binti wa Masasi
Nililichoma, isipokuwa karatasi ya baba.

Masjala, Lindi
Hapo sikuungi mkono, mwanangu. Siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Tume yake ya kupokea malalamiko. Furushi lile lilikuwa la wakulima wote waliomo.

Mhasibu wa Newala
Mzee, mwache. Alizitoa stendi, na hiyo ni kazi ambayo ofisi yenyewe haikuifanya.

Kijana wa Nachingwea
Mashine za kuchana karatasi je? Kwetu imeletwa inayotoa nyuzi ndefu.

Masjala, Lindi
Nyuzi huunganishika. Ubalozi wa Marekani mjini Tehran ulipotekwa mwaka 1979, nyaraka zilizochanwa kwa mashine ziliunganishwa tena kwa mkono, uzi kwa uzi, na kuchapishwa vitabuni. Tafuteni inayokata vipande: katika kiwango cha Ujerumani cha DIN 66399, daraja la P-4 kipande hakizidi milimita 160 za mraba. Hiyo yenu itumieni, kisha mfuateni dada wa Newala na ndoo yake.

Mhasibu wa Newala
Na kapu lililo kando ya mashine ya kutolea kopi lisiachwe mpaka asubuhi. Kopi zilizoharibika hulala humo, na mhudumu wa usafi hufika kabla yenu.

Karani wa Shangani
La kwetu liko pale pale sasa hivi. Ninarudi ofisini.