Mkopo wa HESLB (Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, Tanzania): nina namba mbili za kidato cha nne, na baba ni marehemu

MgeniChuo: Wakuu, habari za humu. Nataka kuomba mkopo wa shahada. Kidato cha nne nilirudia mtihani, kwa hiyo nina namba mbili za mtihani. Nijaze ipi? Halafu baba ni marehemu. Cheti cha kifo kinatosha hivyo hivyo kilivyo?

KaraniMstaafu: Jaza ile ile uliyoombea udahili chuoni. Hapo ndipo wengi hujikwaa. Bodi huoanisha majina ya waliodahiliwa na maombi ya mkopo kwa namba hiyo. Ukichanganya, mfumo unaona watu wawili: mmoja ana chuo hana mkopo, mwingine ana mkopo hana chuo. Namba ya pili iweke pale fomu inapouliza mitihani mingine.

Cheti cha kifo peke yake hakitoshi. Kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, pamoja na chako cha kuzaliwa (vya Zanzibar ni ZCSRA, wakala wa usajili wa huko). Maombi ya uhakiki ni mtandaoni, unalipia, unapewa namba ya uhakiki ya kujaza kwenye OLAMS, mfumo wa Bodi wa kuombea mkopo mtandaoni. Usisubiri dirisha la mkopo lifunguliwe, maana foleni itakuwa ya nchi nzima. Bila namba hiyo, kwa Bodi baba yako bado yu hai.

Saini_na_Muhuri: Naongezea. Umri usizidi miaka 35, kidato cha sita uwe umemaliza ndani ya miaka mitano, masomo yawe ya muda wote, na usiwe na ajira. Ada ya maombi ya mkopo ni shilingi 30,000, hairudi hata ukikosa.

Fomu ukishaichapisha inasainiwa na wewe, mdhamini, serikali ya mtaa au kijiji, kisha wakili au hakimu, ndipo unaipakia kwenye mfumo. Kosa la kijinga kuliko yote ni kuipiga picha kwa simu usiku: kivuli kinakaa juu ya muhuri, tarehe haisomeki. Nenda steshenari wakuskanie, pembe zote nne za karatasi zionekane.

MgeniChuo: Shukrani sana. Mama anauza mboga, hana mshahara. Anaweza kunidhamini?

KaraniMstaafu: Anaweza. Anahitaji picha ya pasipoti na kitambulisho, cha NIDA au cha mpiga kura. Ila jina lake liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho, herufi kwa herufi, siyo Mama Fulani wa mtaani.