Wajukuu wa Bi Zainabu 🌴

*Alhamisi*

Mwanahawa 19:04
Assalam alaykum ndugu zangu. Shikamooni wakubwa. Leo naomba msome mpaka mwisho, msinikatie njiani. Kaka Hamisi jana kapimwa presha, 168 kwa 102. Wakamkalisha nusu saa, wakapima tena, 164 kwa 100. Kapewa dawa na kaambiwa aanze kutembea. Mimi sitaki hili liishie kwenye "pole kaka". Nataka wiki hii hii tupate pahali pa mazoezi hapa mjini, twende pamoja.

Mwanahawa 19:05
Aliye tayari aandike jina.

Mwanahawa 19:38
Waliosoma 14. Majina hakuna.

Shabani 19:40
Pole kaka 🙏

Mwanahawa 19:40
Shabani 😡

Shabani 19:41
Haya niandike dada. Ila mazoezi yangu ni kuangalia Simba, na yale yanapandisha presha hayashushi

Rama 19:41
Baba mdogo kuangalia Simba siyo mazoezi, ni adhabu 😂😂

Shabani 19:42
Wewe nyamaza, juzi ulilala bila kula kisa Yanga

Rama 19:42
😂😂😂 nani kakwambia

Idrisa 19:44
Jamani kuku wa kisasa wapo, 8,500, nawaleta mpaka mlangoni

Mwanahawa 19:45
Idrisa! Mpira na kuku kwenye vikundi vyenu huko. Hapa tunazungumzia roho ya mtu.

Mwanahawa 20:12
Leo nilipotoka kazini nimezunguka, nawaeleza nilichokiona kwa macho.
Ya kwanza jimu ya Sinza, ghorofani. 70,000 kwa mwezi, au 5,000 kwa siku. Nilikwenda makusudi saa 12 jioni, maana ndiyo saa ambayo sisi tungekwenda. Watu wamebanana. Mashine za kutembelea ziko nne, mbili zimebandikwa karatasi MBOVU na karatasi yenyewe ishapauka. Nikamuuliza mwalimu, kaka yangu ana presha, utamwanzishaje? Akanijibu "mlete tu mama, tutamtoa jasho." Nikashuka ngazi.

Mwanahawa 20:15
Ya pili Kinondoni, 50,000. Pale anafundisha dada mmoja. Kabla sijamaliza salamu yeye ndiye kaniuliza: kaka ana miaka mingapi, anatumia dawa gani, amewahi kubanwa kifua akipanda ngazi? Akasema aje na karatasi ya kliniki, siku ya kwanza wanapima tu, hawamgusishi chuma. Huyo nimempenda. Tatizo chumba cha kubadilishia nguo ni kimoja, wanaume na wanawake wanapokezana, na mlango hauna komeo.

Mama Abduli 20:31
Wifi hapo kwenye komeo mimi simo

Mwanahawa 20:32
Ahsante wifi, angalau umejibu. Ila wana saa za akina mama peke yao, Jumanne na Alhamisi saa 4 asubuhi

Mama Abduli 20:34
Saa 4 asubuhi mimi niko sokoni na mabeseni yangu. Hiyo saa wamewawekea akina mama gani?

Mwanahawa 20:35
Nitamuuliza kama jioni inawezekana

Rama 20:50
Shangazi huku kwetu Tandika ipo ya mtaani, buku kwa siku. Vyuma vingine tumemwaga wenyewe kwa simenti kwenye makopo ya rangi. Mzee aje nimsimamie mwenyewe

Shabani 20:52
Ila dada popote mtakapokwenda msilipe mwaka. Mimi nililipa mwaka mzima nikapewa na punguzo. Mwezi wa tatu nimefika na taulo langu begani nakuta wanauza magodoro

Idrisa 20:53
😂😂😂😂 magodoro

Asha Unguja 20:53
😂😂 ukanunua?

Shabani 20:54
Mnacheka. Ile ilikuwa hela ya bati

Zuhura 22:47
Shikamooni wote. Ndiyo natoka zamu. Rama, tafadhali usimpeleke mjomba kwenye vyuma sasa hivi. Mtu akinyanyua kizito huku amebana pumzi, presha inaruka papo hapo. Aanze na kutembea. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki, ndiyo hiyo nusu saa mara tano. Mwendo wenyewe ni ule wa mtu anayewahi gari: kuongea unaweza, kuimba pumzi haitoshi. Vyuma vyepesi baadaye, presha ikishatulia.

Zuhura 22:51
Na mjomba nakuomba kama mtoto wako, dawa usiziache eti kwa sababu umeanza mazoezi. Watu wengi tunaowapokea wameletwa na hilo. Kabla ya kutoka pima. Ukikuta 180 kwa 120 au zaidi hakuna cha kutembea, kaa, pima tena, ikibaki hapo hapo njoo hospitali, hata kama hujisikii kitu. Na kifua kikibana, au kizunguzungu, unasimama hapo hapo, hata kama umebakiza hatua kumi.

Mwanahawa 22:52
Allah akuzidishie mwanangu. Kaka Hamisi umesoma?

*Ijumaa*

Shangazi Tatu 06:20
*Imesambazwa mara nyingi*
Punje 7 za KITUNGUU SAUMU na ndimu, kunywa siku 7, PRESHA KWAHERI, daktari wako hatakwambia siri hii, tuma kwa watu 10

Zuhura 06:41
Shikamoo bibi. Kitunguu saumu tukipige kwenye mchuzi, mchuzi utanoga. Dawa ya mjomba abaki nayo.

Shangazi Tatu 06:44
🎤 Ujumbe wa sauti (2:14)

Mwanahawa 07:02
Kwa mlioko kwenye daladala: shangazi anasema goti la kushoto halimpi usingizi. Yule kijana anayepita majumbani kukanda kamkanda Jumatatu, Jumanne goti limekuwa kama fenesi. Kalipwa 20,000.

Zuhura 07:10
Ya Rabi. Bibi asikandwe tena, goti lililovimba halikandwi. Apelekwe kitengo cha fiziotherapia. Muhimbili kwenye taasisi ya mifupa wapo, hospitali ya Temeke waulizeni pia, ni karibu. Anayekuja nyumbani muulizeni amesomea wapi na awaonyeshe cheti, akikasirika mmeshapata jibu. Na kwa kuwa bibi ana sukari, akitoka kutembea avae viatu vya kufunika, siyo ndala. Akirudi mtu amkague nyayo, maana kidonda hatakisikia. Pipi mbili ziwe mfukoni, sukari ikishuka ghafla.

Rama 07:12
Pipi nitashika mimi

Shabani 07:13
Utazila Temeke Hospitali hazijafika

Asha Unguja 09:30
Shikamooni. Jamani mbona mnahangaika na ada? Sie huku Unguja tuna vikundi vya mazoezi, kila mtaa na chake, tunatoka alfajiri na fulana zetu, na tarehe 1 Januari vyote vinakutana. Hatulipi, tunachangia maji tu. Na si huko huko Dar Mama Samia akiwa Makamu wa Rais, 2016, ndiyo alitangaza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe ya mazoezi?

Shabani 09:41
Kweli kabisa. Na huku Temeke jogingi za Jumapili zimejaa, Tandika, Mbagala, wanapita na nyimbo zao mpaka unaamka. Hata aliye mzito anavutwa na nyimbo

Mwanahawa 09:44
Jogingi nzuri lakini wale wanakimbia. Zuhura kasema kutembea. Mimi nimefikiria daraja la Tanzanite. Ni kama kilomita moja, ukienda na kurudi mbili na kidogo, pa kupita watu wa miguu pametengwa, na upepo wa bahari unao mwanzo mpaka mwisho. Ni bure. Coco Beach pale pale ila mchanga utamuumiza shangazi. Jumapili hii, saa 12 asubuhi kabla ya jua. Kinondoni tutalipa kwa siku kwanza, tukiizoea ndiyo mwezi.

Mwanahawa 09:45
Majina.

Mwanahawa 12:58
Ijumaa njema. Majina.

Rama 13:40
Mimi

Mama Abduli 13:52
Inshallah

Mwanahawa 13:53
Wifi inshallah ya kuja au ya kutokuja?

Mama Abduli 14:20
Inshallah wifi

Mwanahawa 16:05
Halafu kuna jambo. Dada wa Kinondoni nilimweleza goti la shangazi. Kasema uvimbe ukiisha, na daktari akikubali, baiskeli ya mazoezi, ile isiyokwenda, ndiyo inamfaa, haina kishindo. Baiskeli tunayo. Ile ya mama.

Mwanahawa 16:06
Iko kwa kaka Hamisi.

Hamisi 16:30
Mwanahawa usianze.

Mwanahawa 16:31
Sijaanza kaka. Nauliza baiskeli.

Hamisi 16:33
Unauliza baiskeli au unauliza yale ya 2019?

Mwanahawa 16:36
Ukiyataja wewe sawa. Mara tatu kwa wiki, miezi saba, mama mgonjwa namshusha ngazi mimi na konda wa daladala. Konda kaka, mtoto wa watu, nikamjua mpaka jina. Mchango ulipotoka ikanunuliwa baiskeli bila mimi kuulizwa, na mama alishindwa hata kuipanda. Nilikuwa nahitaji mtu wa kunishikia upande wa pili, baiskeli sikuiomba. Na mpaka leo imeanikiwa nguo.

Shabani 16:37
Dada taratibu, watoto wamo humu

Hamisi 16:40
*Ujumbe huu umefutwa*

Mama Abduli 16:41
Wifi nguo zile naanika mimi. Nilaumu mimi.

Idrisa 16:49
Kuku wamebaki 30

Mwanahawa 16:49
IDRISA

Baba Mkubwa Seif 18:57
Assalam alaykum. Nimesomewa yote na mjukuu. Naandika mwenyewe taratibu msinikatishe.
Mdogo wangu, baba yenu, alianguka uani alfajiri anachota maji ya udhu. Alikuwa na miaka 54. Presha yake tuliijua mwaka mzima. Kila mtu alimwambia pole. Mimi pia nilimwambia pole. Nyumba zetu zilitenganishwa na ukuta mmoja, na sikuwahi hata siku moja kumgongea nikamwambia twende tukatembee.
Hamisi wewe una 52. Nilikubeba kwenye arobaini yako.
Baiskeli ya mama yenu itoke kwako iende kwa Tatu. Mwanahawa, hilo la ngazi nilikuwa silijui, na nilipaswa kulijua. Unisamehe mwanangu.
Jumapili nitakuja. Nitakaa kwenye benchi niwaone mkienda na mkirudi.

Mwanahawa 19:20
Shikamoo baba. Huna kosa baba. 😭

Shabani 19:22
Shikamoo baba. Nimo, kweli

Rama 19:22
Shikamoo babu

Zuhura 19:40
Shikamoo babu. Jumapili natoka zamu asubuhi, nitapitiliza hapo na kipimo cha presha.

Shangazi Tatu 19:46
🎤 Ujumbe wa sauti (0:09)

Mwanahawa 19:47
Shangazi analia tu. Shangazi wewe Jumapili usitoke, Jumatatu asubuhi nakupeleka Temeke mimi. Nani atakuwa upande wa pili?

Rama 19:48
Mimi shangazi. Nitaomba ruhusa kazini

*Jumamosi*

Mwanahawa 08:15
Mpango. Kirikuu ya kubeba baiskeli nani anayo? Baba Mkubwa anachukuliwa na nani kutoka Mbagala? Na benchi, kuna mtu anajua kama pale darajani kuna benchi?

Shabani 10:02
Mwenye kirikuu anataka 25,000

Mwanahawa 10:03
Mwambie 15

Shabani 10:40
20 kamalizia. Ila leo yuko Kigamboni, labda Jumatano

Mama Abduli 11:15
Wifi, nguo nimeshazitoa. Nimeifuta vumbi baiskeli. Pedali moja haipo, nimetafuta mpaka uvunguni. Na kwenye usukani bado kuna ule mtandio wa mama, wa zambarau. Sijaufungua fundo.

Mwanahawa 11:31
Usiufungue wifi. Nitakuja.

Asha Unguja 13:00
Kiti cha plastiki mbebeeni baba, mabenchi msiyategemee

Mwanahawa 13:04
Kiti nabeba mimi. Wa Mbagala bado sina jibu. Idrisa una gari la kuku.

Idrisa 17:26
Lina harufu

Mwanahawa 17:26
Lioshe

Mwanahawa 20:48
Waliothibitisha: mimi, Rama, Shabani, Zuhura, Baba Mkubwa. Wifi inshallah. Wengine 9 mmesoma tangu juzi. Kaka Hamisi, sijakusikia tangu jana jioni. Ukija au usije, saa 12 mimi nitakuwa pale darajani na chupa mbili za maji. Ya pili ni yako.

Idrisa 21:37
Nimeosha. Ila mafuta nani anachangia

Hamisi 22:53
Upande wa Agakhani au wa Coco?