Nimekosoa kitabu, mzee kanirudishia hela PUNGUFU, eti elfu 5 "ya kusoma"!!

Mwangaluka wakuu. Naandika mikono inatetemeka, msinirekebishe herufi. Yule mzee wetu, jina sitaji, Tabora nzima mnamjua, kofia ile ile tangu Mirambo yuko hai, si katoa kitabu cha siasa? Nikanunua elfu 15 na akili zangu timamu, nikakisoma chote (mwingine aliyekimaliza hapa mjini ajitokeze), nikaandika uhakiki nikaurusha kwenye grupu. Sijatukana mtu. Nimesema tu Uamuzi wa Busara kauweka mwaka 1961. 1961!! Mkutano wa TANU umefanyika hapa hapa Tabora, Januari 1958, mzee mzaliwa wa hapa unakoseaje? Ndo pale Nyerere aliwabembeleza wenzake wakubali kuingia uchaguzi wa kura tatu, unachagua Mwafrika, Mzungu na Mwasia hata kama roho inakuuma, Mtemvu akagoma akaenda kuanzisha chama chake. Jambo zito lote hilo kalipa nusu ukurasa, afu alivyoshindwa yeye udiwani ni kurasa 41, nimehesabu, mpaka supu waliyokunywa kamati imo.

Sasa leo asubuhi niko kwa mama ntilie, chapati maharage, mzee huyo. Shikamoo yangu hajaitikia. "Leta kitabu changu." Nikatoa kwenye begi nikampa, maana mkubwa ni mkubwa. Akachomoa msimbazi mmoja akauweka kwenye sahani yangu. JUU YA MAHARAGE wakuu. Nikamwambia mzee wangu mbona imepungua tano. Akanijibu taratibu kabisa, "hiyo ni ya kusoma, si umeshasoma?"

Ya kusoma!! Kwani nimepanda daladala? Mama ntilie kacheka mpaka mwiko umeingia kwenye sufuria. Hela yenyewe nimeisuuza, ipo kwenye kamba hapa inakauka, kila nikiiangalia nasikia ile sauti, ya kusoma, ya kusoma. Na chapati nimelipa mwenyewe.

BintiIsevya: kwani uongo, si umeshasoma kweli 😂😂

Mgebuka_Mkavu: Sie wa Kigoma tungemdai yeye elfu 5 ya kutusomesha kurasa 41 za udiwani. Ila nyie Tabora kila siku Uamuzi wa Busara, busara yenyewe mliimaliza mwaka huo huo

Mwenye uzi: wewe kaa na migebuka yako. Nazungumzia hela kuwekwa JUU YA MAHARAGE

Kiloleni_Juu: Mkuu yaani ugomvi wote huu kisa mwaka mmoja?

Mwenye uzi: MITATU

Kiloleni_Juu: haya mitatu. maharage yalikuwa ya nazi?

Mpenda_Historia (kajiunga leo): Kitabu ni kizuri mno, vijana wa siku hizi hawana adabu. Kimebaki kimoja, kimesomwa mara moja tu, elfu 12.

BintiIsevya: mzee shikamoo 😂😂😂

Mwenye uzi: MNAONA??? hicho ni changu, kina doa la mchuzi ukurasa wa tisa

Mpenda_Historia: Doa nimeshafuta.

Fundi_Baiskeli: Bora wewe umerudishiwa kumi. Mimi nimenunua dagaa hapo sokoni naambiwa wa Kigoma original, nimeosha maji matano bado mchanga, nyumba nzima tunatafuna ufukwe

Mgebuka_Mkavu: hao sio wetu ndugu, wetu wanaanikwa juu ya chanja. Na nyie asali yenu mnayotuletea kwa treni nusu yake sukari, mbona tunanyamaza

Kiloleni_Juu: asali ya Tabora iheshimu bwana wewe

Mwenye uzi: jamani tulikuwa kwenye elfu 5 yangu

Fundi_Baiskeli: Mgebuka hao wa kwenye chanja debe bei gani kwa sasa?

Mgebuka_Mkavu: njoo inbox, kesho kutwa kuna mtu anapanda treni