Nyutro, gia au retada: ipi inabana mafuta kwenye semi ya tani 56 bila kuua breki?

Mizani56
Wakuu, naomba tulinganishe kwa hesabu, tuache mazoea. Gari ni semi ya ekseli 7, tani 56 jumla, injini ya lita 13 yenye mfumo wa kielektroniki, njia ni Dar es Salaam hadi Tunduma na kurudi. Mbinu zinazotajwa barabarani ni hizi: kuteremka nyutro, kuteremka ndani ya gia huku umeachia mafuta, kubana nyuma ya gari la mbele likukatie upepo, kushusha spidi kutoka 80 hadi 70, na kuzima injini kwenye foleni. Ipi inalipa kweli na ipi ni hatari tupu?

FundiGiaboksi
Nyutro kwanza, maana ndiyo inayopoteza watu wengi. Injini ya dizeli ikiwa ndani ya gia, mguu ukiwa nje ya mafuta na mizunguko ikiwa juu ya sailensa (mizunguko ya injini ikiunguruma bure), nozeli hazipulizi kitu. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini, matumizi ni sifuri. Ukitoa gia, injini lazima ijilishe yenyewe isizimike, na injini ya ukubwa huo ikiunguruma bure inakula kama lita 2 hadi 3 kwa saa. Dakika kumi za mteremko mkali kwa nyutro zinaweza kukugharimu nusu lita ambayo mwenzako aliye ndani ya gia hakuitumia kabisa.

Kuna wanaosema hiyo ni kwa gari za kompyuta tu. Si kweli. Hata pampu ya zamani ya kimakenika ina gavana (kidhibiti cha mafuta na mizunguko) inayofunga mafuta ukiachia pedali mizunguko ikiwa juu.

Sasa upande wa giaboksi. Oili inasambazwa na shafti zinazozungushwa na injini. Kwa nyutro injini iko kwenye mizunguko 600 hivi kwa dakika, halafu shafti inayotoka kwenda difu inazunguka kwa mwendo wa kilomita 90. Oili inayofika haitoshi, beringi zinaungua. Ndiyo maana gari likivutwa kwa umbali tunafungua propela shafti.

TelaRefu
Mkuu FundiGiaboksi, nakubali kwa mlima mkali, lakini usifute nyutro yote. Volvo wana I-Roll, Mercedes wana EcoRoll, na kazi yake ni kutoa gia gari liserereke. Wasingeiweka kama haiokoi kitu.

FundiGiaboksi
Inaokoa, ila mahali padogo sana. Semi ya tani 56 kwenye kilomita 80 inahitaji mteremko wa karibu asilimia 1 ili ijipeleke yenyewe bila kuongeza wala kupunguza mwendo. Hapo injini ikibaki ndani ya gia inakuvuta nyuma, unalazimika kukanyaga mafuta tena, kwa hiyo kuserereka kunalipa. Mteremko ukizidi hapo kwa kiasi, gari linakimbia na mwendo wote wa ziada utaumaliza kwa breki. Hujaokoa chochote, umeugeuza kuwa moto.

Tofauti nyingine ni nani anayeitoa hiyo gia. Kompyuta inapima mwendo kila wakati, na ukigusa breki au retada (breki ya ziada inayozuia shafti bila kutumia breki za magurudumu) inarudisha gia yenyewe. Mkono wa dereva hauwezi hivyo. Kwenye giaboksi isiyo na sinkromeshi (kifaa cha kulinganisha mwendo wa gia), gari likishafika 90, unatakiwa uipandishe injini ilingane na gia unayoitaka, na kwa gia ndogo mizunguko inayohitajika inapita uwezo wa injini. Gia inakataa kuingia. Hapo umebaki na breki za miguu peke yake.

GejiYaUpepo
Na hizo breki za miguu tuziwekee namba. Tani 56 zikishuka mita 100 tu za kimo, nguvu inayotakiwa kumezwa ingetosha kuchemsha karibu lita 160 za maji baridi. Sehemu inaliwa na upepo na tairi, iliyobaki ni lazima iende mahali. Ndani ya gia inaenda kwenye injini na rejeta. Kwa nyutro inaenda kwenye madramu ya breki.

Dramu likipata moto linatanuka, yaani linakimbia brekishuu. Fimbo ya chemba ya breki inalazimika kusafiri mbali zaidi ili kufika. Wakati huohuo msuguano wa brekishuu zenyewe unashuka kwa joto. Dereva anaona pedali iko sawa, geji inasoma vizuri, lakini gari halipungui. Akianza kupampu pedali anamaliza upepo wa kusukuma breki kwenye mitungi, na kompresa inazungushwa na injini: kwa sailensa inajaza polepole mno. Ndipo taa na king'ora cha upepo vinapolia. Upepo ukishuka zaidi, springi za breki ya kuegesha zinajifunga kwenye madramu yaliyokwisha kuungua.

Anayezima kabisa injini kuteremka ameondoa na kompresa na pampu ya stelingi. Hilo lisijadiliwe kama mbinu.

Lori_Salgaa
Huku Kenya sehemu ya Salgaa hadi Sachangwan imepata jina baya kwa sababu hiyohiyo: lori lina mzigo, mteremko ni mrefu, dereva ametoa gia ili abane mafuta. Kinachodanganya ni kwamba mteremko mrefu hauonekani mkali. Gari linaongeza mwendo pole pole, na ukishtuka gia haiingii tena.

Swali kwa mafundi: breki ya injini na retada, ipi ni bora? Na je, mtu akiwa na retada si anaweza kuteremka nyutro, kwa kuwa inafanya kazi kwenye shafti ya kutoka?

FundiGiaboksi
Swali zuri. Retada ya oili kweli inashika hata bila gia. Lakini joto lake linamwagwa kwenye maji ya injini, na pampu ya maji inazungushwa na injini. Kwa sailensa maji hayazunguki vya kutosha, joto linapanda, kompyuta inaipunguza retada nguvu ili kulinda injini. Inakuacha pale unapoihitaji zaidi. Retada inataka gia ndogo na mizunguko ya juu.

Breki ya injini ni hivyohivyo. Chukua mteremko wa asilimia 6 na tani 56: kwa kilomita 40 kwa saa kunahitajika kama kilowati 320 za kukuzuia, kwa 30 zinashuka hadi karibu 245. Breki nzuri ya injini ya aina ya vali kwenye injini ya lita 13 inaweza kutoa zaidi ya 300, lakini ni kwenye mizunguko ya 2,000 na kwenda juu. Kwenye 1,200 unapata sehemu ndogo tu. Breki ya ekzosi ya kawaida, ile ya kipepeo, ina nguvu ndogo zaidi, kwa hiyo punguza mwendo zaidi.

Hapa ndipo watu wa kubana mafuta wanapokosea: wamefundishwa wakae eneo la kijani la geji ya mizunguko, na wanateremka nalo. Kijani ni cha kuvuta mzigo. Kuteremka kaa kwenye eneo la buluu kama geji yako inalo, na mizunguko haikugharimu mafuta kwa sababu nozeli zimefungwa. Usiingie jekundu tu, kwa kuwa mlima ukiizungusha injini kupita kiasi gavana haiwezi kuizuia.

Mizani56
Basi kwa gari linalorudi na shaba kutoka Tunduma, mlima wa Kitonga kule Iringa tunaushukaje?

GejiYaUpepo
Kabla ya kilele, si baada. Simama sehemu salama, weka kabari kwenye magurudumu, achia breki ya kuegesha, vuta kwa nguvu za mikono yako ile wenzo ya kurekebishia breki ya kila gurudumu. Ikicheza zaidi ya kama sentimita 2.5, breki hiyo haiko tayari. Mwaga maji kwenye mitungi ya upepo, subiri geji ijae.

Chagua gia ukiwa bado juu. Anza na gia ileile ambayo ungepandia mlima huo ukiwa na mzigo, au moja chini yake. Washa breki ya injini. Ukiona mwendo unapanda, mfano umepanga 30, kanyaga breki kwa uthabiti hadi 22 au 24, kama sekunde tatu, kisha achia kabisa madramu yapumue. Usiweke mguu juu ya pedali kwa wepesi njia nzima. Ikibidi ukanyage mara kwa mara, gia yako ni kubwa mno: shusha mwendo hadi karibu kusimama ndipo ubadilishe.

Barabara ikiwa na utelezi na tela ni tupu, punguza breki ya injini au uizime, uende taratibu zaidi. Inashika magurudumu ya kichwa peke yake na tela linaweza kukukunja.

TelaRefu
Nimeelewa. Hayo mengine je?

Lori_Salgaa
Kubana nyuma ya gari: achana nayo. Kwenye 80 unasafiri mita 22 kila sekunde, na kabla mguu haujafika kwenye breki umekwisha kula zaidi ya mita 30. Semi ya mita 18 inahitaji kama sekunde 7 nyuma ya gari la mbele. Zaidi ya hayo rejeta inakosa upepo na mawe yanavunja kioo.

Spidi: kutoka 80 hadi 70 ukinzani wa upepo unashuka kwa karibu robo. Kwa gari lenye mzigo mzito tairi ndizo zinazokula nguvu nyingi, kwa hiyo punguzo la jumla kwenye tambarare ni kama asilimia 8. Unapoteza dakika 11 hivi kwa kila kilomita 100. Kwa maoni yangu hii ndiyo mbinu bora kuliko zote, na breki nazo zinapumzika.

Upepo wa tairi upime tairi zikiwa baridi, na usipunguze tairi iliyopata moto. Tairi laini inakula mafuta na ndiyo inayopasuka.

FundiGiaboksi
Foleni: saa 8 za kuunguruma bure Tunduma ni lita 16 hadi 24. Zima. Ila ukitoka kwenye mlima, iache dakika 3 hadi 5 kwanza turbo ipoe. Na kabla ya kuondoka angalia geji, gari lililosimama usiku kucha huwa limevujisha upepo.

Nyongeza moja: kabla ya matuta ya vijijini, achia mafuta mapema ukiwa ndani ya gia. Mita 300 za kujipeleka bila dizeli, mara matuta yote ya njia hiyo, zinazidi kwa mbali chochote ambacho nyutro ingekupa.

Mizani56
Asanteni sana wakuu. Tela tupu nalo, gia ya kushukia inabaki ileile?

GejiYaUpepo
Unaweza kupanda gia moja au mbili, maana uzito wa kuzuia ni mdogo. Ila usitoe.