Tupeane uzoefu: mlio kwenye keto, hili joto la mwili mnalimudu vipi na mbona mizani inagoma?

Mdada wa Rangi Tatu:
Habari za usiku wakuu. Leo shoga yangu kaniuliza mbona natoka jasho na feni iko namba tatu inanipuliza usoni, ndo nikaona nije huku. Niko keto, ule ulaji wa kukata wanga na kushiba mafuta, ugali wali chapati mpaka ndizi za kuchoma nimeaga, nashinda na mayai, parachichi, nyama na mchicha wa samli. Mchana niko poa, kasheshe usiku, ikifika saa tano saa sita mwili unawaka kama nina homa, nikiweka kipimajoto naambiwa mzima. Alafu mizani mwanzoni ilishuka mpaka nacheka peke yangu, sasahivi imeganda palepale, ila sketi ya kazini inazunguka kiunoni. Mliopita hii njia mlifanyaje? Na msiniambie niache, hapo tutakosana.

Kibua:
Hilo joto usiseme dada. Mimi nalala chini kwenye vigae, mume kashazoea.

Bakuli la Supu:
Ile ya mwanzo yalikuwa maji, sio mafuta. Akiba ya wanga mwilini inakaa na maji, gramu moja kwa maji kama gramu tatu hivi, ukikata ugali akiba inaisha na maji yake yanaishia chooni, ndo maana kila mtu anapungua haraka alafu anaanza kulia. Na hayo maji hayatoki peke yake, insulini, ile homoni ya kushusha sukari, ikipungua figo zinaachia chumvi. Ongeza na jasho la Dar la mwezi wa pili hili, lazima kichwa kigonge na misuli ya miguu ikaze usiku. Chemsha mifupa, tia chumvi, kunywa jioni. Joto lenyewe mimi naishuku nyama yako ya usiku, nyama tumboni inachemsha mwili kuliko mafuta. Kula mchana.

Fundi Feni:
Chumvi??? Na sisi wa presha tunywe chumvi? Huu ushauri wa vijiweni utaua watu.

Bakuli la Supu:
Nimemjibu yeye. Wewe wa presha nenda kwa daktari wako, dawa ya mwenzio usijipake.

Baba Wawili:
Hapo kwenye presha ngoja niingie maana mmenikumbusha mbali. Mimi nameza dawa ya presha, ile ya kukojoza, na keto nikaanza kimyakimya maana kwetu ukisema huli ugali unaonekana unaumwa. Sasa siku hiyo nimepanda gari la Gongo la Mboto, nimesimama, mchana, foleni Tazara haiendi wala hairudi, madirisha mengine hayafunguki, mbele yangu mama kapakata ndoo ya dagaa. Nikaanza kuona watu kwa mbali, masikio yanavuma, nikashika bomba mkono ukateleza kwa jasho, baada ya hapo sijui. Nashtuka niko chini ya mwavuli wa muuza matunda, konda anawaambia watu "huyu kalewa, msikilizeni mdomo unavyonuka", na kweli keto mdomo ulikuwa unanuka kama ile dawa ya kufutia rangi ya kucha, na pombe sigusi mimi! Mama mmoja ananikaba na soda, mimi nakataa nasema niko daeti, watu wakazidi kuamini ni pombe. Zahanati kupima, presha iko 80 kwa 50. Daktari kacheka kwanza, akasema dawa inakutoa maji, chakula chako kinakutoa maji, jua linakutoa maji, wewe ulitaka ubaki na nini? Akapunguza dawa, akawa ananipima kila nikirudi.

Kibua:
😂😂😂 soda ulikunywa hukunywa?

Baba Wawili:
Nusu. Ya chungwa. Sijawahi kunywa kitu kitamu vile.

Mwana wa Kisauni:
Pole ndugu. Huku Mombasa joto ni letu hata bila keto. Mimi yangu ilikuwa vipele, mgongoni na kifuani, vyawasha usiku kucha. Daktari wa ngozi akaniambia ameviona kwa watu wa hii chakula, nirudishe wanga kidogo. Nikarudisha kiazi kitamu, vikapoa, madoa ndio yangalipo.

Fundi Feni:
Mnaona sasa. Hii kitu Wamarekani waliianzisha 1921 kutibu kifafa, nyie mmeifanya ya kitambi.

Bakuli la Supu:
Na simu ilianza kwa kupiga tu, mbona wewe unabishania nayo?

Sista Zamu:
Acheni ugomvi. Kuna mtu hapa ana kisukari na anachoma insulini au anameza vidonge? Usianze bila kumwambia daktari, sukari itashuka uzimie kama huyo wa Gongo la Mboto, na wewe soda usiikatae. Mleta mada, oga maji ya vuguvugu kabla ya kulala.

Kibua:
Vuguvugu kwa joto hili? Ya baridi, ya kisimani kabisa.

Mjomba Samli:
Pilau moja Ijumaa na joto lote kwisha.

Mama Nywele:
Mizani itupe uvunguni, shika sketi. Mimi ilinigomea muda mrefu huku nguo zinapwaya. Ila jiandae, mwezi wa tatu hivi nywele zinaweza kutoka kwenye kitana mpaka uogope, kwangu zilirudi.

Mdada wa Rangi Tatu:
Mama Nywele umenitisha kuliko wa daladala. Nyama nahamishia mchana, supu naanza kesho.

Mgeni Mtaani:
Samahani wakuu, korosho zinaruhusiwa?

Bakuli la Supu:
Zina wanga karibu mara mbili ya karanga. Chache sana, au uache.

Mgeni Mtaani:
Mimi mtu wa Mtwara mkuu. Hiyo haiwezekani.